Baba kwa Penseli

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua penseli. Sita, raba moja, na daftari la karatasi nene. Nimenunua kwa hasira, kama watu wengine wanavyonunua viatu.

Sababu ni hii, niiandike nisije nikajisahaulisha. Jana nilikuwa jikoni naosha vyombo. Baba na shangazi walikuwa sebuleni. Tangu kiharusi kimpige baba, mwezi wa kumi na moja, maneno yake hutoka mazito, moja moja, na nusu yake hubaki mdomoni. Lakini jana sentensi ilitoka nzima, safi, kana kwamba aliifanyia mazoezi: "Huyu hajawahi kumaliza kitu." Huyu ni mimi! Mimi ninayemvisha soksi. Shangazi akacheka kidogo, akageuza mazungumzo, akauliza kama chai bado ipo.

Nilisugua sufuria mpaka mkono ukauma. Leo nikitoka kazini nimeingia duka la vifaa vya shule, nikasema nipe penseli zote za kuchorea ulizo nazo. Muuzaji akauliza ni za mtoto wa darasa la ngapi. Nikamwambia mtoto ana miaka arobaini na moja.

Jumanne, 4 Machi

Darasa lipo. Ukumbi wa nyuma wa maktaba, Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi. Miaka mitatu nimepita mbele ya lile tangazo lao nikijifanya silioni.

Tuko saba. Mwalimu ni mzee mwembamba aliyekuwa mchoraji wa polisi. Alikuwa anakaa na watu walioibiwa, wanamweleza sura ya mwizi, yeye anachora. Amestaafu zamani lakini kila mtu anamwita Afande, na anaitika.

Nilienda nikiwa na mpango wangu: nichore sura ya mtu, mtu wa kweli, kila mkunjo, mpaka anayeiangalia afikiri ni picha ya kamera. Afande akanipa yai. Yai bichi la kuku, juu ya kitambaa cheupe. Nikauliza sura tutachora lini. Akasema kichwa cha mtu ni yai lenye matatizo.

Jumamosi, 15 Machi

Yai. Mara ya nne leo! Nadhani analeta lilelile, ndani limeshaoza.

Nimechora duara, nikapaka weusi upande mmoja, nikausugua kwa kidole. Likawa kama limepigwa ngumi. Afande ana kisirani na vidole. Kidole kina mafuta, anasema, kinaua karatasi. Akafuta kazi yangu yote ya nusu saa bila hata kuniomba radhi. Akasema kuna mahali pale chini, kabla yai halijagusa kitambaa, ambapo kivuli kinapata mwanga tena kidogo. Nikamwambia sioni. Akasema kunja macho. Nikakunja. Nikapaona. Nikazidi kukasirika, maana pamekuwepo siku zote nne.

Nyumbani baba ameuliza nilikuwa wapi. Nikasema kazini. Sitaki ajue bado. Nikiacha, asipate la kusema.

Jumamosi, 5 Aprili

Hatimaye sura. Tumekaa wawili wawili, kila mtu achore mwenzake. Nimepangwa na fundi cherehani, mama mmoja mpole mwenye mashavu makubwa.

Mimi kazi yangu ni duka la miwani. Kutwa nzima napima umbali kati ya mboni na mboni kwa rula ndogo, nasaga lensi, natia kwenye fremu. Macho nayajua. Nikaanza na macho, na nayaandika haya bila aibu: yalitoka mazuri. Kope, unyevu kwenye ukingo wa chini, kinukta cha mwanga. Wenzangu wakaja kutazama. Nikavimba kichwa.

Kisha nikaweka pua, nikaweka mdomo, na paji la uso likakosa nafasi. Macho nimeyapandisha juu mno! Yule mama wa watu akaonekana kama mtu aliyekatwa kichwa kwa juu. Afande akaja, akasimama nyuma yangu. "Umechora macho mawili mazuri, halafu ukayatafutia uso."

Darasa zima likacheka, na fundi cherehani pia, tena kwa moyo. Macho ya binadamu yako katikati ya kichwa, nusu kwa nusu. Miaka kumi na minane napima macho na sikuwahi kujua yako wapi.

Jumanne, 8 Aprili

Kutakuwa na maonyesho. Juni, hapohapo maktaba, ukutani, watu waje watazame. Kila mmoja picha moja. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi tarehe 14 Juni, saa sita mchana, na Afande hana dakika ya nyongeza.

Masharti mawili. La kwanza, usichore kutoka kwenye picha ya kamera. Mtu akae mbele yako. La pili, yule uliyemchora aitazame kazi ikishakwisha, na kama anakubali kwamba ni yeye, aweke saini nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Bila saini, haitundikwi.

Mwenzetu mmoja akalalamika kwamba hilo la saini ni usumbufu. Afande akamjibu taratibu. Akasema miaka ishirini na miwili alichora watu asiowaona, kwa maneno ya watu waliowachukia, na wengine walikamatwa kwa penseli yake. Wapo ambao hawakuwa wezi wenyewe. Alichukua kifagio akaanza kufagia vumbi la penseli, ingawa darasa lilikuwa halijaisha.

Jumatano, 9 Aprili

Nichore nani? Wenzangu kazini hawakai hata dakika tano. Shangazi hakai kabisa, hata akiketi mikono yake inatembea. Mtu pekee katika maisha yangu anayekaa kwenye kiti kimoja kutwa ni baba.

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Sitaki. Basi niandike kwa nini sitaki.

Kidato cha pili. Yeye ndiye alikuwa mwalimu wetu wa hesabu. Shuleni nilimwita mwalimu kama wenzangu. Daftari langu lilikuwa na sura za watu pembeni mwa maswali — wanafunzi wenzangu, mpishi wa shule, yeye mwenyewe akiwa ubaoni. Alikuwa anapita kati ya madawati. Alilichukua, akalifungua, akatazama muda mrefu. Kisha akachana ukurasa mmoja, akaudondosha. Akachana wa pili. Hakupiga kelele, hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Alichana polepole kama mtu anayemenya kitunguu, darasa zima likitazama, na alipomaliza akaniambia niokote. Nikaokota kwa magoti. Sikuchora tena. Miaka ishirini na saba!

Na hajawahi kulitaja, hata mara moja. Sijui kama analikumbuka.

Nataka nimchore, na nataka asaini. Hayo ndiyo ninayoyataka, nisijidanganye na sanaa. Nataka mkono uleule uandike jina nyuma ya mchoro wangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemuomba. Nilimwambia nina darasa, nina kazi ya kukamilisha, akae tu kama anavyokaa kila siku. Akanitazama na jicho lake la kulia, ambalo tangu kiharusi linatoa machozi bila yeye kulia.

"Utamaliza?"

Nilitoka nje nikaanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumatano, 16 Aprili

Siku ya tatu ya kumchora. Anakaa dirishani, mwanga unampiga upande wa kushoto, upande mzima. Upande wa kulia uko kivulini, na ndio ulioanguka: shavu limelegea, kona ya mdomo imeshuka, mate hutoka asipoangalia. Ana kitambaa mapajani. Anajifuta mwenyewe, hataki nimfute.

Mkono ulikwenda wenyewe leo. Saa nzima sikuinua kichwa. Nikafurahi, nikasema sasa nimejua.

Shangazi akaingia na kikapu chake, akachungulia begani kwangu. Shangazi huja kila asubuhi kukaa na baba ninapokuwa kazini, na leo alichelewa kuondoka. Akatazama mchoro, akamtazama baba, akarudi kwenye mchoro. "Huyu ni kaka yangu wa zamani. Wa kabla hajaumwa. Huyu alikuwa anakuja na fimbo."

Nikatazama. Kweli. Mdomo nimeunyoosha, nimeubana. Katikati ya nyusi nimeweka ndita mbili ambazo hazipo leo. Alikuwa anasinzia, paji limelegea. Saa nzima nilikuwa namchora mtu ambaye hayumo chumbani! Nimechana. Kisha nikagundua nimechana polepole. Nimejichukia.

Jumanne, 6 Mei

Afande ameniambia nimepiga hatua. Amesema hivyo na uso wake mkavu, lakini amesema. Amenifundisha kugeuza karatasi kichwa chini, kupima kwa penseli mkono ukiwa umenyooka na jicho moja limefumbwa, kunoa kwa wembe mpaka ncha iwe ndefu. Nywele usichore unywele mmoja mmoja. Meno usiyazungushie mistari. Mdomo hauna mstari, una giza katikati, basi. Kila wiki nagundua kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa watu ninaowaona kila siku.

Kwenye treni ya asubuhi natazama watu mpaka wanahama kiti.

Nimemuuliza kwa nini mdomo wa baba unanishinda. Kila nikiuchora unanyooka. Akasema mkono una mazoea yake, unachora unachokijua, sio kilichopo. Akaniuliza namchora baba nikiwa na hali gani. Nikasema nzuri tu. Akajitia kunoa penseli ambayo tayari ilikuwa imenolewa.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeupata mdomo! Nimeupata!

Wiki nzima nimechora mdomo peke yake, kurasa na kurasa. Leo nimechora uso mzima, na upande ulioanguka umeanguka kweli. Shavu linaning'inia. Nimeshuka mpaka penseli nyeusi kuliko zote, 6B, kwenye ile kona, nikakandamiza. Nimeweka na uzi wa mate, unang'aa, nimeufanya kwa ncha ya raba. Jicho la kulia nimelivuta chini mpaka wekundu wa ndani unaonekana hata kwa penseli nyeusi.

Niseme kweli, hakuna anayesoma hapa. Nilifurahi. Sio kufurahi kwa kazi nzuri. Kila nilipoongeza mkunjo nilisikia raha mahali fulani tumboni, kama mtu anayekwangua gamba la kidonda. Nilijiambia ni uhalisia. Kila kitu kilichopo hapa kipo usoni kwake. Nimezidisha wapi?

Jumamosi, 24 Mei

Darasa limepigwa na butwaa. Fundi cherehani akashika mdomo. Kijana wa benki akapiga picha kwa simu, akasema hii ndiyo itakayowekwa mlangoni ili watu wakiingia waikute. Niliwasikia nikajifanya sijasikia, nikafunga begi polepole ili waendelee.

Afande alikaa na karatasi ile muda mrefu kuliko wote. Hakukosoa kitu. Aliuliza tu: "Mwenyewe ameiona?"

Jumapili, 25 Mei

Ameiona.

Nilimwekea mapajani. Alikaa nayo. Akainua mkono wa kushoto, akashika kona ya mdomo wake, ile iliyoshuka, akaishikilia juu kwa vidole viwili. Akaishikilia hivyo. Kisha akageuza uso ukutani.

Jumatano, 28 Mei

Hakai tena. Nikiingia na ubao wangu wa kuchorea anafumba macho. Nikimpeleka dirishani anasema, "Kitandani." Chakula anakipokea kwa mkono wa shangazi, kwangu hapana. Soksi anajivisha mwenyewe kwa mkono mmoja, robo saa kwa soksi moja, na mimi nimesimama pale kama nguzo.

Shangazi amenivutia jikoni, akafunga mlango. Nimepewa maneno yangu. Kwamba kaka yake hajitazami kioo tangu Novemba. Kwamba yeye shangazi humnyoa ndevu akiwa amekipa kioo mgongo, na mimi mwenye nyumba hata sikuwa najua. Kwamba nimemchorea kile anachokikimbia na nimekitia chumvi. "Una kipaji, mwanangu, sibishi. Lakini ile umeichora kama mtu anayelipiza."

Nikamwambia hajui baba alichonifanyia. Akasema anajua, alisimuliwa wakati ule ule, na baba mwenyewe, siku ile ile, na hakusimulia kwa kujisifu. Nikamuuliza alisemaje. Akasema hilo nikamuulize aliyelitenda.

Nina hasira na shangazi. Nina hasira na baba kwa kunifanya nione aibu wakati aibu ni yake! Na nina hasira na mimi. Hii ya mwisho ndiyo inanikosesha usingizi.

Jumapili, 1 Juni

Kaka amepiga simu. Kaka yangu anaishi mbali na ana maoni ya karibu. Shangazi ameshamweleza yote. Akasema mimi nina roho ngumu, akasema mzee apewe heshima yake, akanitumia ile picha ya siku ya kustaafu, suti, tai, tabasamu, mchore hivi. Nikamwambia masharti hayaruhusu picha ya kamera. Akasema nani atajua. Aliongea dakika arobaini. Soksi hakuuliza nani anamvisha.

Nimeichora picha hiyo shingo upande, nusu ya siku. Kila kitu kiko mahali pake. Mikunjo ya tai, mng'ao wa paji. Miezi mitatu iliyopita ningelia kwa furaha kwa mchoro kama huu. Nikampelekea baba, maana nilikuwa nimechoka kunyamaziwa.

Ameutazama kidogo tu. "Maiti," akasema.

Nilicheka. Sikupanga, ilinitoka tu. Na yeye bega lake la kushoto likatikisika kidogo. Kisha sote wawili tukakumbuka tumenuniana, tukaacha.

Jumatano, 4 Juni

Nimerudi kazini nikamkuta dirishani. Shangazi akasema kajisogeza mwenyewe, na kiti, kwa mguu mmoja; amegoma kusaidiwa. Amevaa shati la kawaida la nyumbani. Nikatoa ubao.

Nikanoa penseli tatu. Nikapima. Nikaanza na kichwa kizima, kama yai. Macho mwisho.

Jumapili, 8 Juni

Nimechora kwa saa tatu leo, na mapumziko katikati. Siku ya tano mfululizo.

Nilikuwa nikifikiri nimeshaujua uso huu. Sikuujua. Upande wa kulia haujaanguka wote kwa pamoja. Kuna mahali chini ya tundu la pua ambapo nyama bado inajivuta kupanda, kidogo sana, akitaka kusema neno. Inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Upande wa kushoto ndio umechoka, kwa sababu unafanya kazi ya pande mbili. Huko ndiko mikunjo mipya ilikojaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nauita upande mzima.

Hasira zipo. Nisijifanye mtakatifu. Leo alipomwaga maji akanilaumu mimi kwa mahali nilipoweka glasi, nilitaka kumchora na pembe. Lakini nikiwa napima siwezi kukasirika, nimegundua. Ukipima umbali kutoka pua hadi kidevu, unapima tu. Nikiweka penseli chini zinarudi zote, zimenisubiri mlangoni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemaliza. Nimeandika neno hilo. Nimemaliza.

Nimemuonyesha shangazi peke yake. Amekaa chini kwanza. Akasema ndiye. Akasema ndiye wa sasa hivi, wa leo asubuhi. Akajifuta pua na ncha ya kitenge, akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempa baba jioni. Nimemweleza lile sharti la saini kwa mara nyingine, polepole, na kwamba kesho saa sita ndiyo mwisho. Alisikiliza. Aliutazama mchoro kutoka juu hadi chini, kama anavyosoma gazeti. Hakushika mdomo wake. Hakugeuka ukutani. Nikamwekea peni pembeni.

"Kesho," akasema.

Kesho! Kesho ndiyo siku yenyewe! Nikamwambia kwamba hata ikiwa alama yoyote, hata kidole, Afande atakubali. Akasema tena kesho, akafumba macho. Nimelala na roho juu.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tano na dakika kumi na tano. Naandika nimesimama kwenye korido, kwa penseli ya kuchorea. Haraka.

Asubuhi nilimvisha, nikampa chai. Saa mbili nikaweka mchoro mezani, uso chini, mgongo juu. Akasema hapana, akaugeuza. Akautazama upya. Saa tatu nikamkumbusha. Saa nne nikamkumbusha, na shangazi akaniambia niache kumzonga mzee. Saa nne na nusu akaomba peni nyekundu. Tulitafuta nyumba nzima. Shangazi akaipata kwenye droo ya dawa.

Nikashika karatasi isiteleze. Akaugeuza mwenyewe, akaandika kwa mkono wa kushoto. Sijui ilichukua dakika ngapi, nilihesabu pumzi zangu. Nilikuwa nangoja herufi ya kwanza ya jina lake. Ikatoka tarakimu.

7/10.

Akapiga mstari chini yake.

Sijui niliyoyasema yote. Damu ilinipanda. Nilimwambia sikuja kuomba maksi, nimekuja kuomba saini, mimi si mwanafunzi wake, nina miaka arobaini na moja na ninamvisha soksi! Nikamwambia la daftari. Lote. Mpishi wa shule pembeni ya maswali, kuokota kwa magoti, jinsi alivyochana polepole. Nikamwambia sikushika penseli miaka ishirini na saba kwa ajili yake. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na hakuniambia ninyamaze. Baba hakufumba macho. Alinitazama muda wote, jicho la kulia likitoa machozi yake ya kila siku, na la kushoto pia, na la kushoto haliumwi.

Nilipoishiwa pumzi nikasikia sauti yangu inamuuliza: "Tatu nimezikosa wapi?"

Sikujua kwamba nitauliza hilo. Lilikuwepo chini ya yale mengine yote.

Ile nyama ndogo chini ya tundu la pua ikaanza kujivuta. Ikashindwa. Ikajaribu. "Sikio," akasema.

Nikageuza karatasi nikatazama. Nikamtazama yeye. Sikio la kushoto, lililo kwenye mwanga, linaloonekana kuliko kitu chochote! Nimelikosea. Limekaa juu kuliko lake kwa upana wa kidole, na umbo lake ni sikio la kitabuni, sikio la mtu yeyote. Lake ni refu, limeshuka na uzee, nyama ya chini imeshikana na shavu, na juu lina mkunjo kama ukurasa uliokunjwa kona. Miezi miwili! Nimekodolea macho mdomo ule mpaka nikaota nao, na sikio sikulitazama hata mara moja. Nililichora kwa mazoea, kumaliza tu. Afande asingejua, hajawahi kumwona. Shangazi hakuliona. Yeye ambaye hajitazami kioo ndiye kaliona. Au anajitazama siku hizi, sijui.

Yuko sahihi. Hilo ndilo linaniua, yuko sahihi.

Nusu saa kwa miguu hadi maktaba. Nikienda hivi sasa nafika, na maksi nyekundu mgongoni na saini hakuna. Shangazi amesema nimuombe Afande ahesabu zile tarakimu kuwa saini, kwani si mkono wake ni huo huo? Labda angekubali. Lakini nimeshaichukua raba, nianze sikio upya.

Baba ameomba choo kwanza. Nimemfikisha mlangoni, ameingia, amenisukuma nje kwa kiwiko. Kwa hiyo niko hapa, nimeegemea ukuta, nanoa penseli ya 2B kwa wembe na vumbi linaanguka juu ya maneno haya. Saa tano na dakika ishirini na tatu. Bado sijamuuliza siku ile alimwambia nini shangazi. Nasikia maji. Nasikia anagonga mlango kwa fimbo yake ya kutembelea, mara mbili. Anataka arudishwe kitini.